Kuvumwani ya Kisima cha Wapagazi

Wiki iliyopita nilikuwa barazani kwangu hapa Isevya nikihangaika kutia uzi kwenye sindano ya cherehani, mara ya nne hiyo, miwani imeniteremka mpaka ncha ya pua, akatokea binti mmoja na begi mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti. Ni kushona au kupunguza?"

Akacheka. Kumbe hakuja na nguo. Alikuja na jina langu, tena lile la shule, lenye jina la babu nyuma yake, ambalo sijaitwa tangu niolewe. Akauliza kama mimi ndiye. Nikamwambia ndiye, kwani nimefanya nini? Akatoa simu, akanionyesha picha.

Ilikuwa picha ya bahasha. Si bahasha ya dukani. Hii ilikunjwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya daftari la shule, mistari yake ya buluu bado inaonekana kwa mbali. Juu yake palikuwa na mwandiko nilioutambua kabla sijausoma, herufi zote zimelalia upande mmoja. Kuvumwani. Juu ya jiwe lenye unyevu. Kisima cha Wapagazi, Igalula. Aliyeiona kwanza: halafu jina langu, lote, herufi kwa herufi.

Sindano ikaniponyoka. Binti wa watu akadhani ni furaha.

Basi mwenzangu, kaa nikusimulie, maana jambo hili nimelibeba tangu darasa la sita na sijapata kumwambia hata marehemu mume wangu. Ukitaka kunicheka, subiri nimalize.

Mimi nililelewa na bibi yangu Igalula, hatua chache tu kutoka stesheni. Bibi alikuwa na kibanda kando ya reli, akiwauzia abiria karanga za kuchemsha, asali kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la mahindi, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani mpaka ukivitafuna kavu vinalia kama kokoto. Treni ilipokuwa inakuja, bati la kibanda lilianza kutetemeka kabla hatujasikia honi. Hapo bibi huinuka, hujipangusa mikono kwenye kanga, huniita kwa Kinyamwezi kana kwamba nimelala, na mimi niko hapo hapo miguuni pake nabambua karanga. Kazi yangu ilikuwa hiyo, na kuteka maji, na kufagia, na kusugua mtungi.

Mtungi ulihitaji kusuguliwa kwa sababu ya ukoga. Hivyo ndivyo sisi tulivyouita, ukoga tu, ule ujanijani unaoota mahali penye majimaji. Ulikuwa kwenye kitako cha mtungi wa bibi. Ulikuwa kwenye matofali ya bafu. Na chini ya tangi kubwa la stesheni, lile la chuma lililobaki tangu enzi za treni za moshi, lililokuwa likidondosha maji mwaka mzima, ulikuwa umetandaa hata mwezi wa tisa, nchi nzima imekauka na miti imepukutika. Tulikuwa tunaukanyaga kwa miguu mitupu ili tupoze nyayo. Hakuna aliyefikiri kwamba kitu kile kina jina lake, wala kwamba kinatofautiana na cha bafuni.

Mpaka alipokuja mwalimu. Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi, mtu mrefu, mpole, mwenye kuvaa soksi ndani ya kandambili, na Jumamosi wenzake walipokwenda kwenye pombe au kuwinda kanga, yeye alikwenda kuinamia mawe. Si kwamba alisomea mambo hayo. Alisomea ualimu kama wengine, ila alikipata kitabu kimoja mahali, akapenda, basi ikawa ndiyo starehe yake. Kijijini walisema amerogwa. Mtu mzima na akili zake, amelala kifudifudi kandokando ya mfereji, lenzi jichoni, kamba ya kiatu shingoni! Bibi alimwonea huruma, akawa anampa karanga bila kupokea kitu.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ule ukoga wetu jina lake ni kuvumwani, na kwamba ziko za aina nyingi, na kwamba kule Dar es Salaam kuna nyumba inaitwa hebaria, imejaa makabati, na ndani ya makabati mna mimea mikavu ya nchi nzima, kila mmoja na karatasi yake ya maelezo, inakaa humo hata miaka mia. "Wanadhani nchi yetu hii ya miombo ni ukame mtupu," alikuwa akituambia. "Hakuna aliyeinama akatazama." Akachagua wanafunzi wawili wa kumsaidia Jumamosi. Mmoja mimi. Nitakueleza wa pili sasa hivi, ngoja kwanza, maana huyo akishaingia hatoki.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Unabandua kwa kijiko, si kwa kisu, tena kipande tu, unaacha nyingine iendelee kuishi. Huioshi, huikamui. Unaikunjia ndani ya karatasi, kunjo tatu, halafu unaandika ulipoitoa papo hapo, magoti yakiwa bado chini. Mwalimu hakukubali uandike umesimama. "Ukisimama umeshaanza kusahau," alisema. Bahasha zilikwenda kukauka kwenye uzi aliouvuta jikoni kwake, zimebanwa na vibanio vya nguo. Na kuvumwani ikishakauka inajikunja, inakuwa kama takataka, ungeitupa. Lakini ukiidondoshea tone moja la maji, inafunguka mbele ya macho yako, majani yote yanatanuka, inarudi kijani. Nilipoiona mara ya kwanza nilipiga kelele.

Utaratibu wa mwisho ndio ulioniponza. Mwalimu alikuwa haandiki jina lake pale penye aliyeiona kwanza, labda kama kweli aliiona yeye. Aliandika jina la aliyeiona, hata awe mtoto. Jina lako, linapanda treni, linakwenda Dar, linakaa kabatini miaka mia. Mtoto wa muuza michembe! Nilikuwa siwezi kulala kwa kulifikiria.

Haya, sasa wa pili. Alikuwa binti wa fundi baiskeli. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, ana mwanya, na ana macho, jamani. Baba yake alikuwa akimpakia nyuma ya baiskeli akienda vijiji vya jirani kutengeneza, na huko huko juu ya kariya, baiskeli inakwenda, yule mtoto anaona kuvumwani kwenye gome la mninga hatua thelathini kutoka njiani. "Baba simama!" Na baba anasimama. Mimi ninaye baba? Baba yangu alikuwa amekwenda kutafuta kazi nikiwa mchanga na hakurudi. Yeye anasimamishiwa baiskeli kwa ajili ya ukoga.

Mwalimu alimpa jina, akamwita Macho. "Macho, njoo uone hii." "Macho, hebu tuambie, hii na ya jana ni ndugu?" Na Macho anachutama, anatazama kidogo tu, anasema si ndugu, na kweli si ndugu. Mimi nikaitwa jina langu tu, na nikapewa kikapu. Mvua zilipofika katikati, yeye alikuwa na bahasha kumi na tisa zenye jina lake. Mimi nilikuwa na tatu, na mbili kati ya hizo zilitoka kwenye mtungi wa bibi yangu.

Nilimwonea wivu. Sitafuni maneno, nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakishuki. Nilionea wivu mwanya wake, nikajaribu kutengeneza wangu kwa njiti ya kibiriti. Nilionea wivu baiskeli, kariya, na hata mafuta ya mnyororo kwenye sketi yake. Ubaya zaidi, hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anakuja kutusaidia kubambua karanga bila kuombwa, anaimba, bibi anampenda. Bibi aliniona ninavyomtazama, akaniambia, "Mjukuu wangu, roho yako imekubana kama kiatu cha kuazima. Kivue." Nisingeweza kukivua. Nilikuwa nataka liwe limeandikwa jina langu kwenye kitu ambacho yeye hakukiona.

Sasa palikuwa na jirani yetu, mama mmoja aliyeolewa pale kwetu akitokea Ulyankulu, watu wao asili yao Burundi. Mchapakazi, mcha Mungu, Jumapili hakosi misa. Siku hiyo, ilikuwa Ijumaa, alishuka kwenye treni akitoka kumtembelea dada yake huko kwenye vilima vya Kigoma, ana furushi limefungwa kwa majani ya migomba, kubwa kama mtu aliyechutama. Ndani mna miche ya kahawa. Kahawa, Igalula! Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Yule mama naye akacheka, akasema anajua, ila moyo wake umekataa kuja mikono mitupu. Akalitua furushi kivulini pa kibanda, akaingia ndani na bibi kunywa uji na kumpa habari za safari.

Tulibaki nje sisi wawili, sinia la karanga katikati. Binti wa fundi akalisogelea furushi, akaliegemea kama mto, mgongo wote, akawa ananisimulia alichokiona jana yake nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Mdomo unakwenda, mikono inakwenda. Mimi nilikuwa upande wa pili, na macho yangu yalikuwa chini kwa sababu sikutaka kumtazama. Pale chini jani la mgomba lilikuwa limechanika. Katika ule mchaniko pametokeza kitu.

Ilikuwa kuvumwani. Lakini si ya kwetu. Za kwetu fupi, zimejibana kwenye jiwe kwa kuogopa jua. Hii ilikuwa ndefu kama kidole changu, imegawanyika pande mbili kama unyoya wa kifaranga, kijani chenye dhahabu ndani yake. Yule mama alikuwa ameizungushia mizizi ya miche ili isikauke njiani. Baadaye nilimsikia akimwambia bibi kwamba huko milimani miti yenyewe imevaa hiyo kuanzia chini mpaka juu. Nilinyoosha mkono polepole, nikachomoa konzi moja, nikaificha kwenye pindo la gauni. Binti wa fundi hakukatisha hadithi yake.

Jioni ile ile nilichukua ndoo nikaenda Kisima cha Wapagazi. Kisima hicho kilikuwa kwenye njia ya zamani ya misafara, kimejengewa mawe pande zote, na bibi alisema babu yake alikunywa hapo akiwa na pembe ya tembo begani, anakwenda pwani, na hapo ndipo walipopumzika wapagazi wote kabla ya kuingia pori. Mawe yake yalikuwa baridi hata mchana. Nikatafuta ufa upande usiopigwa na jua, nikapachika ile kuvumwani kwa tope, nikaibonyeza kwa kidole gumba, nikaimwagia maji. Nikarudi nyuma kutazama. Haki ya Mungu ilikaa kama imezaliwa pale.

Jumamosi tulikwenda watatu. Niliwaacha wapite kwanza, nikajifanya nafunga kamba ya kikapu, halafu nikapiga ukelele, "Mwalimu! Hii hapa!"

Mwalimu alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kaki. Akaweka lenzi jichoni. Akaipangusa kwa shati, akatazama tena, nikaogopa, nikadhani amejua. Akageuka na macho yamemjaa maji. "Binti," akasema, "unajua umeona nini?" Nikasema sijui, mwalimu. Akasema hata yeye hajui, hajapata kuiona maishani mwake. Akatoa karatasi, akakunja, akaandika yote magotini kama alivyotufundisha, na mwisho akaandika jina langu.

Binti wa fundi naye alichutama. Alitazama ule ufa, akatazama mawe ya pembeni, akatazama tena. "Jana asubuhi nilikuwa hapa," akasema. "Nilitazama hapa hapa."

"Basi macho yako yalikuwa yamelala," mwalimu akamwambia, anacheka, hana ubaya wowote. Akaniwekea mkono kichwani. "Tumepata Macho mpya."

Nikuambie nilijuta? Sikujuta. Siku ile nilikula ugali sahani mbili na mlenda, bibi akashangaa. Nililala naliita jina hilo mwenyewe chini ya shuka, Macho, Macho, Macho.

Baada ya miezi kadhaa barua ilikuja kutoka hebaria. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa lote. Walisema kuvumwani ile hukaa milimani kwenye mvua nyingi, haijapata kuonekana katika nchi kavu kama yetu, na wanaomba tuwatumie nyingine. Darasa likapiga makofi. Na hapo ndipo utamu ulipoanza kuniingia mchanga, maana nyingine ningeitoa wapi? Ile ya kisimani ilikuwa imeshanyauka. Miche ya kahawa ilikuwa imekufa, na yule mama ameyatupa majani yote jalalani. Mwalimu alisema labda ng'ombe wameikwangua wakinywa maji. Akawa anakwenda kila Jumamosi. Jiwe baada ya jiwe.

Binti wa fundi yeye alikwenda kila asubuhi. Nilikuwa namwona kutoka kibandani kabla ya shule, anapita na ndoo, na kwao maji yapo. Anarudi na ndoo ina maji nusu na magoti yana tope. Alikuwa hasemi nami vibaya. Ila aliacha kusema "si ndugu hizi" mwalimu alipomuuliza. Alianza kusema sijui. Tulipokuwa darasa la saba akaacha kabisa kuja Jumamosi, akasema siku hizi haoni vizuri. Kikapu kikabaki hakina cha kubeba, na mimi Macho mpya nikawa sioni kitu, kwa sababu sikuwahi kuwa na macho hayo.

Nilikaribia kusema mara moja. Mwalimu alihamishwa, tukamsindikiza stesheni, yeye na sanduku lake la bati. Treni imeshapiga honi, akainama dirishani akaniambia, "Ile ya kisima. Ukiiona tena uniandikie." Nikajibu, "Ndiyo mwalimu." Miaka mingi baadaye nikasikia amefariki kwao. Sikuwahi kumwandikia barua hata moja, hata ya salamu.

Tumerudi barazani. Binti mwenye begi ni mtafiti, anasoma chuo kikuu, na anaandika juu ya kuvumwani za nchi kavu. Akaniambia bahasha yangu ndiyo roho ya kazi yake yote. Kama kitu kile kiliwahi kuishi Igalula, akasema, basi mengi yanayosemwa juu ya nchi hii kale yatabidi yaandikwe upya. Alikuwa ametoka huko, amelala siku tatu. Akanieleza alivyopakuta. Kisima kimefunikwa zege na kuwekwa pampu. Mawe yameng'olewa, watu wamejengea misingi ya nyumba. Tangi la stesheni halipo, limekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mahali lilipokuwa ni mchanga mweupe tu. Nilimsikiliza nikawa naona nyayo zangu pale chini.

"Lakini mawe mengine bado yako kwenye kuta za watu," akasema. "Ukinionyesha lililokuwa lenyewe, mama, naweza kulichunguza. Kesho nina gari."

Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka salamu, "Nilianzia Urambo, kwa mwenzako. Yule ambaye jina lake liko kwenye bahasha nyingi. Analima tumbaku sasa, na kijiji kizima wanamletea majani awachagulie madaraja, analipima jani kwa jicho moja tu. Yeye ndiye aliyenielekeza kwako. Akasema, nenda Isevya, huyo aliona ambayo mimi sikuiona. Akasema amekuonea wivu mpaka amezeeka."

Nilivua miwani nikaifuta kwa pindo la kitenge. Nilifurahi, mwenzangu. Nakwambia ukweli mtupu. Kabla ya aibu, kabla ya chochote, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Yule mwenye baba, mwenye baiskeli, mwenye bahasha zote zile, ananionea wivu mimi! Ningeweza kupanda gari kesho yake, nikanyoosha kidole kwenye ukuta wowote, nikasema lilikuwa jiwe hili. Nani angenikamata? Mwalimu hayupo, bibi hayupo, mama wa Ulyankulu alishahama zamani. Jina langu lingeingia kitabuni na wivu wa mwenzangu ungebaki wangu mpaka kaburini.

Yule binti alikuwa bado anaongea. "Niliruhusiwa kutoa kipande kimoja nikakitia tone la maji," akasema. "Kimefunguka, mama. Kama kimechumwa jana."

Nikaona magoti ya suruali ya kaki ya mwalimu, kwenye tope. Nikamwambia, "Mwanangu, zima hiyo simu, nikueleze." Nikamwambia yote, furushi, pindo la gauni, tope, kidole gumba.

Aliweka kalamu chini. "Mama," akasema, "nimeumwa na mbu siku tatu kule." Nikasema nisamehe. Akasema kazi yake ya mwaka mzima imebomoka. Nikasema nisamehe mwanangu. Akashusha pumzi, akachukua kalamu tena, akauliza ilitoka kilima gani hasa. Sikujua, ila kwamba ni Kigoma. Akaandika hivyo hivyo. Nikamuuliza kama sasa watakichana kile kikaratasi cha mwalimu. Akanieleza kwamba hebaria hawabandui maelezo ya zamani hata yakiwa na kosa. Wanaongeza kikaratasi kingine pembeni, chenye ukweli, vyote vinakaa pamoja.

"Niandike ni nani amesahihisha?" akauliza.

"Andika," nikamwambia. "Jina lile lile."

Aliniachia namba ya Urambo. Nilizunguka nayo siku nzima, nikashona gauni la watu mikono imegeuka nyuma mbele. Kesho yake asubuhi nikapiga.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Macho," nikasema.

Kwa nyuma nilisikia majani makavu yakipangwa, chakacha, chakacha, halafu yakanyamaza. "Hilo si langu," akasema. "Ulilichukua wewe."

"Ndiyo maana nimepiga. Nalirudisha."

Aliniacha niseme mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema polepole, "Unajua nilimwambia baba macho yangu yanaumwa? Alinipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya misheni, siku nzima njiani, nikapimwe. Wakasema hayana kitu. Nikadhani wamekosea."

Nikaanza kulia. "Nisamehe ndugu yangu."

"Nyamaza kwanza. Furushi gani?"

"Lile la mama wa Ulyankulu. La miche ya kahawa."

"Lile nililokuwa nimeliegemea?"

"Hilo hilo."

Kisha akapasuka. "Mshenzi wewe! Yaani ilikuwa mgongoni kwangu? Mimi nimeiegemea, napiga domo, na wewe ndiye uliyeiona?"

"Niliiona, lakini mahali ndipo nilipodanganya..."

"Mahali nimeshasikia! Nauliza nani aliiona kwanza!"

"Mimi," nikasema. Toba, hata machozi hayajakauka, nilisikia sauti yangu inajidai.

"Basi wivu wangu haujaisha," akasema. "Na wala sijakusamehe. Nyuma ya nyumba yangu kuna bani bovu, tofali zimeanza kumong'onyoka, mvua hizi zimeleta kitu ukutani ambacho sijakisogelea, kwa sababu tangu utoto ule niliacha kuamini ninachokiona. Panda treni uje Jumamosi. Tuingie wote kwa mlango mmoja, kwa pamoja. Tuone nani ataona kwanza." Akakata simu bila kuaga.

Nimekaa nafikiri yote yaliyokwisha. Kibanda cha bibi ni kituo cha bodaboda sasa. Tangi halipo, mawe ya kisima yako chini ya vitanda vya watu, na hakuna mwalimu wa kupiga magoti na kuandika kabla hajasimama. Wanaojua kwamba mambo yale yalikuwepo tumebaki wawili, na mmoja ana macho kuliko mwingine, hilo nalijua tangu zamani.

Tiketi ya Urambo nimeshakata. Kijiko nimeweka kwenye mkoba, na karatasi za daftari. Halafu leo asubuhi, kabla hata sijafungua cherehani, nimekwenda mjini kubadilisha miwani.